Kumbukumbu Zinazofaa Wageni

Jumapili, 23 Desemba 1984

Baada ya ibada, Madam Selpha, mkuu wa shule ya chekechea ya kanisa letu hapa Kimumu, alitangaza kwamba Januari anahitaji msichana wa kumsaidia kufundisha. Awe amemaliza kidato cha nne na awe anaelewana na watoto. Kidato cha nne nimemaliza. Watoto wapo nyumbani, wadogo zangu watatu. Nilimwendea. Aliniuliza jina langu. Nikamjibu, "Asante." Kisha nikasimama nyuma ya ngoma za kwaya mpaka watu wakatawanyika.

Musimbi, jirani yetu niliyemaliza naye shule, alimsindikiza Madam hadi langoni, amembebea Biblia. Biblia ya Madam ni ndogo, haihitaji mbebaji.

Nisipopata kazi hii, Baba amesema nitakwenda Burnt Forest kwa shangazi, nikamsaidie kuuza viazi sokoni. Kuuza viazi ni kuita watu kwa sauti. Siwezi.

Jambo moja liko wazi. Mtu asiyeweza kusema atafute wa kumsemea.

Jumatatu, 24 Desemba

Mpango umekamilika. Siku ya mwisho ya mwaka tutafanya sherehe ya familia ya kukumbuka mwaka. Watoto watasimama mmoja mmoja waseme wanachokumbuka. Wageni watakuwa Madam Selpha na Mzee Wamalwa, mwenyekiti wa kamati ya chekechea. Madam ataona uwezo wangu kwa macho yake, nami sitafungua mdomo.

Mama aliuliza kama wageni watakula au watakumbuka tu. Nikasema watakula. Baba aliuliza kama mkutano wa namna hiyo unahitaji kibali cha chifu. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama alimwambia kumbukumbu za watoto si siasa, naye akasema itategemea watoto wamekumbuka nini.

Nilimtuma Kipngetich, mwenye miaka saba, apeleke mwaliko. Alirudi akasema wote watakuja, hata Musimbi. Nani alimwalika Musimbi? Alimkuta njiani akiruka kamba, akaona ni vibaya kumpita.

Jumatano, 26 Desemba

Krismasi imepita salama. Leo tulianza shughuli ya kwanza: kila mtoto alete kitu kimoja cha kumkumbusha mwaka huu.

Kipngetich alileta mkia wa panya aliyemuua ghalani mwezi wa tatu. Jepkosgei, wa miaka mitano, alileta jino lake. Paul, wa miaka minne, alikawia sana. Kisha akaingia sebuleni akivuta ndama aliyezaliwa Juni.

Ndama alikula vitambaa viwili vya makochi, kazi ya mikono ya Mama. Mama alisema hiyo nayo ni kumbukumbu, na kwamba nitamshonea vingine. Shughuli ya vitu imefutwa.

Alhamisi, 27 Desemba

Leo niliwauliza kwa mdomo tu, mmoja mmoja, ili wasiigane. Unakumbuka nini cha mwaka huu?

Wote watatu wanakumbuka taa.

Jambo lenyewe ni hili. Januari Baba aliuza mahindi yetu yote kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Kisha mvua ikakataa. Ghala likabaki na panya, na kufikia Agosti tulikuwa tunakula unga wa manjano, yale mahindi ya msaada yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Huku kwetu mkulima wa mahindi anaweza kukiri mambo mengi mbele ya kanisa, lakini si kwamba amenunua unga. Oktoba Mzee Wamalwa akaja kula chakula cha jioni bila taarifa. Mama akapunguza taa mpaka tukawa tunatafuta mboga kwa vidole, ili Mzee asione rangi ya ugali. Alimwambia utambi ni mbovu.

Niliwaeleza watoto kwamba hiyo si kumbukumbu inayofaa wageni. Jepkosgei akauliza zile zisizofaa zinakwenda wapi. Nikamwambia zinakaa kimya kichwani. Akauliza huko zinakula nini.

Basi nimewaandikia kumbukumbu zinazofaa. Kipngetich: "Mwaka huu, kwa amani, upendo na umoja, tulipanda miti." Jepkosgei: "Nakumbuka fadhila za wazazi wangu, ambazo haziwezi kuhesabika." Paul: "Nakumbuka jinsi tulivyozuia mmomonyoko wa udongo." Ya Paul nimeifanya fupi kwa sababu ya umri wake.

Ijumaa, 28 Desemba

Mazoezi siku nzima. Mwalimu mzuri hutumia mandazi. Paul husema "mmo" na kunyoosha mkono. Nikimnyima, anasema amesahau. Kufikia mchana alikuwa amefika "mmomo" na mandazi yamekwisha.

Alasiri Musimbi alipita na kamba yake. Watoto walikimbilia nje, na kwa muda mrefu hakuna kilichosikika ila vicheko. Paul alihesabu kuruka kwake hadi ishirini. Nilikuwa sijui kwamba anajua kuhesabu. Nilisubiri mlangoni nikiwa na karatasi zangu. Musimbi aliniita, "Jeruto, njoo uruke, wewe si bibi kizee!" Nilitikisa kichwa. Mtu mmoja lazima awe na mpango.

Jumapili, 30 Desemba

Kanisani Madam alinisimamisha akasema kesho atafika bila kukosa, ana hamu ya kuwasikia watoto. Niliitikia kwa kichwa. Nadhani nilifanya vizuri.

Jioni watoto walisema yote bila kosa. Paul alitaja mmomonyoko wote, mpaka mwisho. Hata Baba alipiga makofi. Aliuliza tena kuhusu chifu.

Jumatatu, 31 Desemba

Naandika watoto wakiwa wamelala.

Wageni walifika mchana. Watoto waliwainamishia vichwa wakaguswa utosini, kama wanavyoamkia wakubwa huku kwetu. Mzee Wamalwa aliketi chini ya picha ya Rais, Madam karibu na dirisha, Musimbi pale pale sakafuni kama mtoto. Mama akaleta kuku na ugali wa mahindi yetu mapya, yale machache tuliyovuna. Mzee aliusifu. Alisema ugali mweupe namna hii huonyesha shamba linalotunzwa. Baba alisema tunajitahidi.

Kipngetich alisimama akapanda miti yake vizuri kabisa. Madam alitabasamu kwa adabu.

Jepkosgei akasimama. Akautazama ugali, akamtazama Mzee.

"Mzee, huu ni mweupe. Ule uliokula kwetu ulikuwa wa manjano. Tulipunguza taa usione."

Nilimwonyesha karatasi. Hajui kusoma.

"Na Baba alijifunika koti kichwani," Paul akasema, bila kuitwa, bila kumeza silabi hata moja. "Akaenda foleni ya unga. Akasema tusiseme."

Hakuna aliyetafuna. Mama alitazama sufuria. Baba aligeukia picha ya Rais kama anayeomba msaada.

Mzee Wamalwa alirudisha tonge lake kwenye sahani. Alimuuliza Baba foleni hiyo ilikuwa siku gani.

Baba alisema Jumanne.

"Ndiyo maana hatukuonana," Mzee akasema. "Mimi nilikuwa naenda Alhamisi. Nilivaa koti la mvua, na mvua yenyewe haikuwepo."

Kisha akasema kwamba Novemba, Baba alipokwenda kula kwake, taa ilikuwa imepunguzwa vilevile.

"Nilidhani ni utambi," Baba akasema.

"Hata mimi, hapa kwako, nilidhani ni utambi."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Madam akasema yeye alikuwa anaukoroga ugali wake na maziwa ili upauke, ukawa na rangi ya mtu mwenye homa. Musimbi akasema kwao walimwambia mgeni ni ugali wa malenge. Baba, ambaye hajawahi kueleza jambo lolote mezani, alieleza jinsi alivyomwona mtu mwingine kwenye foleni aliyejifunika blanketi, wakatambuana kwa viatu, wakajuliana hali. Watoto waliulizwa wanakumbuka nini tena, wakasema, na kila walichosema kilichekewa.

Mimi peke yangu nilikuwa na karatasi tatu mkononi, mbili hazijasomwa.

Ndipo Madam akanigeukia. Aliuliza, mbele ya wote, ni nani aliyewafundisha watoto hawa kusema mbele ya wazee bila woga. Alisema huyo ndiye mtu anayemtafuta.

Sebule yote ikanitazama. Nilijua ni sasa au viazi. Nikasimama. Na sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nilisema, "Samahani, Madam. Hivi sivyo walivyofundishwa. Wataanza upya."

Niliwapanga mstari. Nikamwambia Paul aanze na mmomonyoko. Paul alisema "mmo", akaangua kilio. Nikamwambia arudie. Jepkosgei akatoka kwenye mstari akaketi mapajani mwa Musimbi. Baba akasema, "Jeruto, mama, inatosha." Nikasema imebaki kidogo tu.

Musimbi aliwashika mikono akawatoa nje. Madam alisimama dirishani, akawatazama wakiruka kamba mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 2 Januari 1985

Madam amekuja kuzungumza na Mama. Musimbi ndiye atakayemsaidia kufundisha. Lakini anahitaji pia msichana wa kupika uji wa watoto wa saa nne. Alimweleza Mama, kwa upole, kwamba kazi hiyo haina maneno mengi. Mama alisema asante kwa niaba yangu. Habari za Burnt Forest zimekwisha. Baba ametoka kwenda kwa Mzee Wamalwa kwa mara ya pili wiki hii, mchana kweupe, bila koti.

Musimbi alikuja kunipongeza. Nilimpongeza pia, karibu kwa sauti.

Nimechunguza kwa makini kilichoharibika, na kosa ni rahisi. Mazoezi yalikuwa ya siku mbili, tena watoto walikuwa na mahali pa kukimbilia. Chekechea kuna watoto wengi zaidi, na mtoto aliyeshika kikombe cha uji wa moto hawezi kukimbia. Musimbi atakuwa nao darasani. Lakini saa nne watakuwa wangu.

Nimeshaandika shairi la kwanza, la faida za kuogesha ng'ombe. Lina beti kumi na mbili. Hakuna atakayeonja uji kabla ya ubeti wa sita.