Mjapani Kwenye Posa

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai kwa Hasham. Sikwenda kwa kupenda, nilikwenda kumchunga. Yeye ni ami yake Adil, mimi mjomba. Jumamosi mmoja wetu atasimama Richmond Hill, kwa kina Almas, kumposea kijana. Mjomba ndiye mwenye haki! Dada yangu Marziya, mama wa kijana, anasema ataamua. Ataamua nini?

Hasham akatazama dirishani, akasema baridi ya Toronto ni mgeni asiyebisha hodi wala asiyeaga. Basi. Hayo tu! Mzee Ogawa, jirani yangu Mjapani aliyelima mpunga Moshi miaka mingi na Kiswahili anakijua, akafumba macho: "Iiete myoo!" Marziya akatabasamu. Kuna jambo hapa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemsaidia Ogawa kuzoa majani uani kwake, ili nimpeleleze. Kumbe maneno yale ni sifa. Kwao huambiwa mtu aliyelipata neno lenyewe, akaliweka pale pale panapolifaa. Ahaa!

Nikampa kachori za mke wangu Sakeena. Nikamweleza: Jumamosi nikigusa kofia, aseme. Akajibu sifa hiyo haiombwi. Lakini kachori amekula zote, na mtu akila zote amekubali. Nimempigia Marziya simu: mimi nina shahidi wa kimataifa, Hasham hana. Amechoka kubishana, amenipa nafasi. Ushindi!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni. Sakeena ameuliza mlangoni kama naposa au nauza nyumba. Wivu.

Adil amekuja, hali wala halali. Babu yake Almas, Mzee Ghulamabbas, alishamkataa daktari wa meno kwa sababu ya maneno mengi. Kijana amenisihi niseme kidogo tu. Nani amemtuma?

Jioni nimemwona Ogawa akishuka kwenye gari la Hasham, bakuli mkononi. Mishkaki! Harufu haidanganyi. Nimempelekea kababu haraka. Amepokea kwa mikono miwili, akainama. Mbona ameinama sana?

Jumamosi, 11 Oktoba

Msaliti!

Nilianza vizuri, tangu babu zetu walipofika Tanga. Nikagusa kofia. Ogawa anatazama biskuti. Nikaendelea hadi ujenzi wa reli. Nikagusa tena. Akachukua moja. Nikagusa kwa mikono yote miwili. Mzee Ghulamabbas akaniuliza kama kichwa kinaniwasha.

Nikababaika, nikatoa methali yangu nzito kuliko zote: chema chajiuza, kibaya chajitembeza! Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, polepole, kwamba sisi waposaji ndio tuliotembea kutoka kwetu Unionville hadi kwake.

Adil akawa mweupe. Marziya akajifunika uso kwa mtandio. Niliwaza, yamekwisha, nimemkosesha mtoto mke. Moyo uliniuma, nakiri, kidogo.

Ndipo Sakeena akasema, bila hata kusimama: "Mzee wangu, tuwie radhi. Huyu mume wangu ni birika, anapiga mluzi na majani hayajatiwa. Chai yenyewe ni Adil, naye ametulia."

Ogawa akajipiga paja. "Iiete myoo!"

Mzee akataka kujua maana. Alipoelezwa akacheka hadi akakohoa. Akasema chai imekubaliwa. Vigelegele! Almas alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Adil akambusu Sakeena mkono. Mimi hakuna aliyenibusu chochote.

Jumapili, 12 Oktoba

Msikitini wote wananiita Birika. Hasham ameniita mara mbili.

Nimefanya uchunguzi. Nani alikaanga zile kachori? Sakeena! Nani alikaanga kababu? Sakeena! Basi Ogawa kala chakula cha nani? Imedhihirika: mke wangu alimhonga kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemwendea Ogawa kumkabili. Amerudia kwamba haiombwi, kisha ameuliza kama kababu zimebaki.

Jumanne, 14 Oktoba

Kosa langu nimelijua. Wajapani! Harusini atakuwepo shahidi mwingine. Nimempata Mkorea, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Sambusa nimenunua dukani, Sakeena asizisogelee. Nimemuuliza kwao husifuje mtu aliyesema vizuri. Ameniuliza kama nimekuja kuchukua suruali.

Hasham kamfikia kabla yangu. Si bure.

Hotuba ya harusi imefika ukurasa wa tisa, na bado sijafika Tanga.