Almasi ya Babu Yenu Imepata Mwenzake

Leo nimeumbuka. Tena kanisani, tena nikiwa na kitenge kipya.

Mnajua upepo uling'oa bati za kanisa letu hapa Kumsenga. Leo ikawa sadaka ya mavuno, kila mtu alete kitu kinadiwe tupate bati. Maharage yangu yameozea shambani kwa mvua. Kwenda mikono mitupu siwezi. (Wiki nzima nimewasema wenzangu kwa ubahili.) Nikafungua sanduku, nikatoa almasi yangu.

Ndiyo, almasi! Babu yenu alinipa tulipokuwa wachumba, enzi akiuza chumvi ya Uvinza kwa baiskeli mpaka Kasulu. Akasema, "Hakuna nyingine kama hii, na hakuna mwingine kama wewe." Alipokufa, wajane wenzangu waliolewa tena. Mimi nikakataa. Mwanamume wa kuniona wa pekee nitampata wapi tena?

Juzi mjukuu wangu Neema alinionyesha kwenye simu zile almasi maarufu. Nikamuuliza, kinachozipa thamani ni nini, si mawe tu? Akasema ukubwa, kutokuwa na doa, zilivyochongwa, tena zina majina na zimepita mikononi mwa wafalme. "Lakini zaidi ya yote, bibi, kila moja iko peke yake duniani."

Yangu ina yote! (Doa lipo, ila dogo. Mfalme ni babu yenu.)

Basi nikasimama mbele, nikasimulia. Kina mama wakafuta machozi. Mzee wa kanisa anayenadi akaipokea kwa mikono miwili: "Hii haina bei! Nani anaanza?" Mmoja akataja mbuzi. Mwingine akataja mbuzi na debe la mahindi. Shingo ikanirefuka kama ya jogoo!

Ndipo akainuka bibi mmoja mgeni, kaja kutoka Kasulu kumtembelea mwanawe. Akafungua pindo la kanga. Taratibu. Akatoa jiwe.

Lile lile. Mpaka doa!

"Dada, aliyekupa alikuwa na baiskeli ya kengele mbili?"

"Umeijuaje wewe?"

"Na pengo hapa mbele?"

Nikaanza kukaza kitenge changu.

"Hata mimi aliniambia hakuna nyingine. Nilimngoja mpaka wazazi wakachoka, wakaniozesha kwa mwingine."

Sauti ikatoka huko nyuma: "Yemwe, jamani! Bibi, mkaribishe mke mwenzio akae!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Mwenye mbuzi akakumbuka kwamba mbuzi si wake, ni wa shemeji. Na yule mzee wa kanisa, bila haya: "Jamani, zimekuwa mbili, bei imeshuka. Kama kuna mwingine anayo, ajitokeze mapema!"

Nikamwona bibi mmoja wa kijiji cha Gwarama naye anapekua mkoba wake. Sikungoja. Nikanyakua jiwe langu, nikatoka bila kupokea baraka.

Sasa niko nyumbani. Picha ya babu yenu nimeigeuza, inatazama ukuta. Almasi inazuia mlango wa banda la kuku. Neema mjukuu wangu, ulisema kweli, thamani yote ni kuwa moja tu.

Nanyi mnaosoma, msinicheke. Anayeona hawezi kujizuia, aje acheke hapa uani kwangu, karibu na banda la kuku. Mkono wangu bado una nguvu ya kurusha.