Jambo Lilikuwepo, Hatua Zilichukuliwa

Kwa furaha kubwa, na bila kufichua lolote, nautangazia umma kwamba idara yetu imekamilisha kwa mafanikio zoezi la kumpata Naibu Mkuu wa Kitengo. Kitengo gani, siwezi kusema. Aliyepatikana ni nani, hilo nalo siwezi kusema, ingawa hapo sababu ni kwamba hakupatikana mtu.

Mimi nilikuwa mkufunzi wa idara hiyo. Kila aliyeomba kazi ya siri, au aliyetaka kupanda kutoka siri ndogo kwenda siri kubwa, alipita kwanza chumbani kwangu akafundishwa jinsi ya kujibu maswali ya usaili bila kujibu. Si kazi ya mchezo. Jopo linakuuliza, "Eleza changamoto uliyowahi kukutana nayo kazini." Mtu wa kawaida atapayuka yote: bosi, mafaili, nani aligombana na nani. Mwanafunzi wangu atakaa wima, atakohoa kidogo, aseme: "Jambo lilikuwepo. Hatua zilichukuliwa. Matokeo yalionekana." Jopo linatikisa vichwa kwa kuridhika, maana hata wao hawakutaka kujua.

Kanuni ya kwanza ya mafunzo yangu niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: kabla hujafungua mdomo, hakikisha kila aliyemo chumbani ana kibali hai cha kukusikia. Wanafunzi waliinakili kwa mwandiko mzuri sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitumia, kwani nani atamwambia mkubwa wake atoe kadi ya kibali?

Nafasi ya naibu ilipotangazwa niliiomba bila kusita. Sikufuata kiti, ingawa kiti chenyewe kinazunguka. Nilifuata kifungu kimoja: kuanzia ngazi ya naibu, mtumishi anaruhusiwa kumwambia mtu mmoja tu, wa chaguo lake, anafanya kazi gani. Nilitaka kumwambia mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko pale pale sebuleni. Tangu tuoane namuaga asubuhi nimechomekea shati, narudi jioni nimechoka, na akiniuliza siku ilikuwaje namjibu, "Ilikuwepo." Yeye alivumilia. Aliyeshindwa ni mama yake, tunayeishi naye, ambaye alishaamua zamani kwamba mimi sina kazi, nashinda kwenye benchi mahali fulani nikisubiri jua litue. Wageni wakija huwaambia, "Mkwe wangu anatafuta." Iliniuma, sitaki kudanganya. Iliniuma zaidi nilipomwona mke wangu akiinamia cherehani kama vile uzi umekatika, wakati haujakatika.

Siku chache kabla ya usaili nilifanya mazoezi sebuleni. Nilivaa suti, nikaketi kwenye kigoda, nikamwomba mama mkwe awe jopo, kwa kuwa macho ya jopo anayo.

"Unafanya kazi wapi?" akaanza, bila hata kunikaribisha.

"Ofisini, mama."

"Ofisi gani?"

"Ya kazi."

"Mnafanya nini humo?"

"Mambo yanakuwepo, mama. Tunachukua hatua."

Akamgeukia binti yake. "Si nilikwambia? Huyu hana kazi."

"Mama, mwache bwana, anajiandaa."

"Anajiandaa na nini, na mwenyewe hajui anakokwenda?"

Nilijipa alama zote.

Usaili ulifanyika ghorofa ya juu, mapazia yamefungwa na taa zinawaka mchana kweupe, kwa sababu za kiusalama. Katikati ya meza alikaa Mkurugenzi Mkuu, kulia kwake mwanasheria wa idara, kushoto afisa utumishi. Mkurugenzi ni mtu wa sauti nzito na waraka mzito zaidi. Karibuni alikuwa ameagiza kwamba mtumishi yeyote ambaye kibali chake kimepitwa na muda atolewe jengoni papo hapo, asirudi mpaka asailiwe upya. Alipousoma waraka huo mbele yetu, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Karibu, mkufunzi," akasema. "Hebu tueleze, kwa sasa unafanya kazi gani hapa?"

Ningeweza kusema jambo lilikuwepo, nikaenda zangu. Lakini nilikuwa naitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na mtu akitaka kitu namna hiyo hufanya ujinga kwa ufasaha mkubwa. Nikakaa wima. Nikakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, kabla sijajibu, naomba kuona vibali vyenu."

Kisha Mkurugenzi akapiga meza kwa furaha. "Safi sana! Mmemwona? Mtu ndiye huyu! Mpeni alama zote. Haya, tumwoneshe kadi."

Kadi ya mwanasheria ilikuwa imepitwa na muda. Akaomba apewe nafasi ya kupitia sheria. Kadi ya afisa utumishi ilikuwa imepitwa na muda pia, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi ya kuwakumbusha wengine. Ya Mkurugenzi ilikuwa na picha yake akiwa na nywele. Ilikwisha zamani za kale, na hakuna aliyejua, maana askari wa getini humpigia saluti, na mkono unaopiga saluti hauwezi kupokea kadi.

"Nashukuru kwamba angalau yangu iko sawa," nikasema kwa fahari, nikaitoa mfukoni.

Yangu ilikuwa imekwisha kabla ya ile ya mwanasheria.

"Waraka wangu unasemaje?" Mkurugenzi akauliza kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia.

"Papo hapo," akajibu mwanasheria.

Askari akaitwa, akatutoa wote wanne kwa saluti. Tukajikuta kando ya barabara na suti zetu, jua likituwakia. Nilikuwa nimepata alama zote kutoka kwa watu wasioruhusiwa kuzitoa. Idara yenyewe iliendelea bila sisi. Kama iliyumba, hatukuwa na kibali cha kuambiwa.

"Umepata?" mke wangu akaniuliza nilipofika.

"Siwezi kusema."

"Basi umekosa," akasema, akanipakulia chakula. Sasa nilikuwa sina kazi kwelikweli, na ilinibidi nikiri kwamba mama mkwe aliliona hilo mapema kuliko mtu yeyote.

Baadaye ikatangazwa kwamba viongozi wa idara waliotolewa watasailiwa upya na jopo la kutoka nje. Jumapili iliyofuata nilikuwa naoga, nikasikia hodi, halafu sauti ninayoijua.

"Shikamoo, mama. Mkufunzi yupo? Nimekuja anifundishe."

"Marahaba, baba. Anaoga. Kaa, upate chai. Wewe unafanya kazi wapi?"

Nikaacha kujisugua.

"Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu, mama."

"Wa nini?"

Mwanafunzi wangu yeyote, hata mzembe kuliko wote, angejibu: wa ofisi.

"Wa idara ya siri. Lile jengo la kijani nyuma ya posta, nje wameandika Bohari ya Madawati, lakini ni sisi. Mimi niko juu kabisa, dirisha la tatu, lenye pazia." Hayo ni maneno yake. Mimi sithibitishi.

"Na mkwe wangu?"

"Mkweo! Idara nzima imepita mikononi mwake, mama. Hatuna mwalimu kama yeye."

"Anafundisha nini?"

"Kunyamaza."

Cherehani ikasimama.

Nilitokea sebuleni nimevaa shati juu ya povu. Mke wangu alikuwa ameinua kichwa, ananitazama. "Kumbe ulikuwa na kazi," akasema polepole. Sikuthibitisha wala sikukanusha. Machozi yalinilenga, nikasingizia sabuni.

Mama mkwe alinitazama, akamtazama Mkurugenzi aliyekuwa akipuliza chai yake.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka nenda miaka rudi nakuuliza, hukunionyesha hata mlango wa ofisi yako uko upande gani. Huyu chai haijapoa, nimeshajua mpaka dirisha lake." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Wewe umefaulu. Wewe, baba, bado. Urudi Jumapili ijayo, na ukiulizwa unafanya kazi wapi, useme unatafuta."

Mkurugenzi Mkuu akaomba kalamu aandike.