Matusi kwa Pilipili

Jumatatu, 4 Machi 1974
Baba mkwe anakuja Jumapili. Balaa! Safari iliyopita alichovya tonge la bukari, ugali wetu, kwenye pilipili yangu, akatafuna, akauliza pilipili italetwa saa ngapi. Mbele ya mke wangu Ngosa! Kisha akasifu ile ya jirani yetu, Mama Feza. Safari hii ameonya: pilipili ikiwa baridi tena, atahamia kwa Feza na sanduku lake. Mkwe alale kwa jirani! Mtaa mzima utanicheka. Lazima atoke machozi.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza Mama Rabia, muuza pilipili sokoni. Akasema pilipili inatukanwa ndipo iwe kali. Ukiibembeleza inageuka nyanya. Ole wangu! Mimi kila asubuhi naisalimia.
Jioni Feza akachungulia juu ya ua, akanishauri nipunguze maji, eti pilipili haipendi kulowa. Ujanja huo! Anataka yangu ikauke. Nimeongeza ndoo.

Jumatano, 6 Machi
Nimeanza. Niliinama mwisho wa lupango, kiwanja chetu cha nyumbani, kwenye matuta yangu, nikapaza sauti: "Weye mufupi! Tumbo kubwa, kazi hakuna! Nani alikuweka hapa?" Moyo ukafurahi. Nyuma ya ua mtu akakohoa.

Alhamisi, 7 Machi
Aliyekohoa ni Citoyen Mwenze, mkubwa wa chama mtaani kwetu. Mfupi. Mwenye tumbo. Amewekwa juzi juzi tu. Akaniita, akauliza nilikuwa namtukana nani. Nikasema pilipili. Akauliza kama namwona mtoto. Nikaapa. Akasema vizuri, Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, nitazibua mtaro peke yangu, wenzangu wataimba.
Hasira yote nimeipeleka kwenye matuta. Nimetukana mpaka sauti imekatika.

Jumamosi, 9 Machi
Mtaro! Tope mpaka magotini, na waimbaji hawakuwa wabaya. Sauti haijarudi. Nimemwomba Ngosa atukane kwa niaba yangu. Alianza na pilipili, akahamia kwangu: bati linalovuja, redio niliyoifungua niitengeneze nikashindwa kuifunga, wajomba zangu wote. Jua limezama hajachoka. Pilipili sijui, ila mimi nimeiva.

Jumapili, 10 Machi
Baba mkwe amefika. Akang'ata pilipili nzima, mbichi. Nikasimama na kikombe cha maji, tayari kumwokoa. Akatafuna polepole. Akamuuliza Ngosa, kwa heshima zote, haya ni maharagwe ya aina gani. Akabeba sanduku lake.
Sasa yuko kwa Feza. Namsikia anapiga chafya, analia, anamshukuru Mungu. Watu wamejaa uani wanamshangilia, Citoyen Mwenze naye yumo. Nimeumia sana, sifichi. Ngosa amesema labda ni maji. Maji!
Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona. Mbegu zile alinipa profesa mmoja wa Kasapa. Pilipili za chuo kikuu, mimi nikazitukana kwa Kiswahili! Zingeelewa wapi? Kesho alfajiri naanza Kifaransa, nikimaliza kumwagilia.