Sisimizi wa Ofisi ya Utamu

Siku ilipoanza kodi mpya ya vinywaji vyenye sukari, wanywaji walilia, madaktari walishangilia, na Waziri alikwenda kukamata sisimizi.

Hakuwa waziri wa chochote. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya koti lake, ambalo hakulivua hata jua likiwaka la kuyeyusha mshumaa. Siku mbili baadaye, saa tisa alasiri, alitakiwa kupeleka posa, na baba wa mchumba alishasema: "Njoo na kreti sita za soda. Bei imepanda, najua. Ndiyo maana nataka kuona kama unaiweza." Waziri hakuiweza hata bei ya kizibo. Mali yake yote ilikuwa mdomo, na kiberiti chenye sisimizi kumi na wawili wasioonja kitu tangu juzi.

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Duka alirundika soda chumba cha nyuma kabla ya kodi, akingoja bei ipae.

"Shikamoo, mama. Natoka Ofisi ya Utamu."

"Marahaba, mwanangu. Ofisi ya nini?"

"Utamu. Soda ya zamani nayo inalipiwa kodi. Sukari haina umri."

"Na utamu mnaupimaje?"

"Kwa maafisa." Akafungua kiberiti.

Mama Duka akazibua chupa, akadondosha tone kwenye kaunta. Sisimizi wakalivamia kama wanafunzi wa bweni waliosikia kengele ya chakula.

Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni ya kiserikali. "Wote kumi na wawili, mama. Utamu wa daraja la kwanza. Kodi yake, kila kreti mbili tunachukua moja."

"Nusu! Utaniua, baba!"

"Serikali haiui, mama. Inapunguza."

Mama Duka akajifuta machozi kwa aproni. "Basi niandikie cheti, asije mwenzako akanirudia."

Waziri akaandika kwa mbwembwe: *Soda ya duka hili imepimwa. Ni tamu kupita kiasi.* Akatia sahihi ndefu kama treni. Mama Duka mwenyewe akamtolea kreti sita, hata mkokoteni akamtafutia.

Kwenye posa, shangazi wa mchumba ndiye aliyepiga funda la kwanza.

"Mkwe, hii ni soda ya nini?"

"Ya zabibu, shangazi."

"Zabibu zilipita mbali. Hii ni rangi."

Waziri akadondosha tone, akafungua kiberiti. Maafisa wakalikwepa kama dimbwi la mafuta ya taa.

"Una saa moja," alisema baba mkwe.

Dukani kulikuwa na foleni. Cheti kilikuwa ukutani.

"Mama, umeniuzia maji ya rangi!"

"Nimekuuzia? Si umezichukua kama kodi? Zile nilizipika nyumbani kukwepa kodi, hata mbuzi alizikataa."

"Nitakushtaki!"

"Ofisi gani? Ya Utamu?" Akakinyooshea cheti kidole. "Kisome kwa sauti basi, wateja wasikie."

Waziri akanywea. "Soda ya kweli ipo?"

"Tele. Ila kuna kodi, na wewe ndiye uliyenifundisha hesabu yake. Ukichukua sita, unalipia kumi na mbili."

"Sina kitu, mama."

"Koti unalo. Na viatu."

Waziri alirudi ukweni pekupeku, akisukuma kreti sita.

"Koti liko wapi?" aliuliza baba mkwe.

"Limekwenda na kodi, baba."

Mzee akasimama, machozi yakimlengalenga, akamkumbatia. Maisha yake yote, alisema, alikuwa akiomba apate mkwe anayelipa kodi.