Dumu la Pombe kwa Mwenye Filamu

Jumanne, 11 Oktoba 2016
Aline wangu amekamatwa! Na polisi, mchana kweupe, hapa Lusahunga, madereva wa malori wote wanatazama. Kosa lake? Anashusha filamu mtandaoni na kuwawekea watu kwenye memori kadi. Basi. Mtoto niliyevuka mpaka naye mgongoni mwaka 93, tukiwa wakimbizi hatuna hata sufuria, leo ndiye binti pekee njia panda nzima anayeijua kompyuta. Wamembeba pamoja na kompyuta yake.

Afande kasema faini kubwa au jela miaka. Miaka! Nikamwambia aliyeiba mbuzi wa jirani yetu Bernadetha alirudisha mbuzi wawili, kesi ikaisha. Na yule mbuzi alishaliwa. Filamu haijaliwa, mwenyewe bado anayo. Afande kasema nisimfundishe kazi. Adelfina, anayeuza CD halali zenye stempu ya kodi ng'ambo ya barabara, alikuwa anatabasamu. Nilimwona.

Jumatano, 12 Oktoba
Nimepata akili. Aliyeshtaki ni mwenye filamu, Alfonce, kijana wa Mwanza. Kapanga gesti hapa hapa. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea pombe ya ndizi, mnakunywa chungu kimoja kwa mirija, shauri limekwisha. Nikajitwisha dumu zima na mirija miwili mipya.

Kumbe ni mlokole. Kumbe afande yumo humo humo chumbani anaandika maelezo yake. Akauliza kama hiyo ni rushwa. Nikasema hapana baba, hii ni kuomba radhi, na wewe mrija wako nitakuletea. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nimekaa benchi la kituo hadi jioni, dumu pembeni yangu linaitwa kidhibiti. Kabla sijaachiwa kwa onyo, Aline aliniita dirishani: "Mama, tafadhali, usinisaidie tena." Mtoto ana adabu. Hata akiwa ndani anasema tafadhali.

Alhamisi, 13 Oktoba
Dumu limepasuka kituoni. Pombe changa, na kifuniko walikikaza wenyewe. Wasinitazame mimi.

Alfonce kaja nyumbani. Nilikuwa nimeshapanga matusi, akaniwahi na shikamoo. Akakaa. Akasema: "Mama, niliuza shamba la marehemu baba nikatengeneza ile filamu. Njia nzima kutoka Mwanza kila dereva anayo. Hakuna hata mmoja aliyeinunua."

Nimeduwaa. Mimi nilidhani filamu zinatoka tu, kama matangazo ya redio. Nikalia. Lakini nikamuuliza, shamba litarudi Aline akifungwa? Akasema hata yeye alishtuka aliposikia ile miaka. Alitaka alipwe jasho lake, hakutaka binti wa mtu aozee ndani.

Nikamkamulia juisi ya ndizi isiyochachuka. Hiyo walokole wanakunywa.

Ijumaa, 14 Oktoba
Wamemalizana! Aline kafuta kila kitu mbele yao, kaomba radhi, na sasa kibandani atauza CD halisi za Alfonce. Nikalazimisha juisi inywewe kikwetu: chungu kimoja, mirija miwili, afande shahidi. Afande akaulizia mrija wake. Nilijua tu.

Jumamosi, 15 Oktoba
Alfonce kaondoka, kaniachia zawadi: filamu yake mpya, ambayo haijatoka bado! Mimi Nimpaye, wa kwanza Tanzania nzima! Aline kasema niitazame peke yangu, tena nifunge mlango. Nifunge mlango? Adelfina atajuaje sasa?

Nimekwenda nayo Biharamulo kwa fundi asiyetujua, akainakili kwenye flashi. Si wizi, hii ni zawadi, na zawadi ni yangu. Nimewaita dada zangu wa Bugarama na Bisibo, wanakwaya, hata afande. Alfonce naye nimempigia simu aje. Sijamwambia sababu, nataka aone mwenyewe anavyopendwa. Wote waje Jumapili ijayo baada ya misa, kila mtu na memori kadi yake.