Ukurasa wa Uthibitisho

Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili inayo furaha kuutangazia umma kwamba chuo chetu kimekuwa cha kwanza, kwa kadiri tulivyojiuliza wenyewe, kuifanya elimu maalumu iwe maalumu kweli. Kuanzia mwaka huu wa masomo, tasnifu zote za Shahada ya Uzamili katika Elimu Maalumu zinawasilishwa kwa nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Zote, kuanzia jalada hadi marejeo. Hakuna ukurasa utakaopokelewa ukiwa na wino.

Waraka huo niliuandika mimi, Msajili Msaidizi. Wanafunzi huniita Mhuri, nadhani kwa heshima. Niliuandika asubuhi moja kabla ya chai, Mkurugenzi akausaini bila kuketi, na mchana tukapiga picha ya pamoja tukiwa tumeshika karatasi nene yenye vinundu. Kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuvisoma vinundu hivyo lilikuwa jambo la utekelezaji, na utekelezaji hushughulikiwa na idara nyingine.

Mtahiniwa wa kwanza kukumbwa na waraka alikuwa mwalimu wa darasa la watoto wasioona katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto. Ni mama wa makamo, mpole, mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa kamba. Kamba hizo zina mafundo, na ndizo alizozifanyia utafiti: namna ya kumfundisha mtoto asiyeona nusu, robo na theluthi kwa kupapasa mafundo. Alikuwa ameshamaliza kuandika, kurasa mia moja na kumi, na msimamizi wake alikuwa ameipitisha kazi kabla ya kustaafu. Nikampa waraka. Akausoma mara mbili akiwa amesimama.

"Bwana Msajili," akaniuliza, "atakayeisoma ni nani?"

Nikamwambia lipo jopo.

"Wanajua nukta nundu?"

"Mwalimu, jopo lina maprofesa wawili."

Hapo akanieleza shida yake. Wizara ilikuwa imeagiza kwamba darasa lolote la elimu maalumu lisilo na mwalimu mwenye uzamili lifungwe mwisho wa mwaka. Yeye ana watoto kumi na wanne, na shule nyingine ya kuwapokea hakuna. Wangerudi kukaa nyumbani. Nilimpa pole na kumshauri awahi foleni.

Aliiandika upya tasnifu nzima kwa mashine ya nukta nundu, yenye vitufe vichache, baada ya vipindi, kwa miezi mitatu. Kurasa mia moja na kumi zikawa mia tatu na arobaini, juzuu nne, kila moja unene wa mto wa kulalia. Alizileta kwa toroli la shule.

Tuliisoma kwa kufuata utaratibu. Jopo lilikuwa na watu watatu: Mkurugenzi, Profesa wa Takwimu, na mimi kama katibu mwenye kura. Juzuu zilikaa wiki sita chini ya projekta, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikimulika chini mno. Kisha kila mjumbe akaandika maoni yake kwa uhuru. Mimi niliandika: "Wino umefifia. Achapishe upya." Profesa wa Takwimu, ambaye ni mtu makini, aliandika: "Nukta zimezidi. Mtahiniwa apunguze nukta, aongeze mikato." Mkurugenzi aliandika kwamba Sura ya Tatu haina mashiko, maneno ambayo ameiandikia kila tasnifu tangu nimjue, na hakuna aliyewahi kumpinga.

Nyumbani mke wangu aliniuliza naisomaje hiyo kazi ya vinundu. Nikamjibu kwamba swali hilo halimo kwenye fomu.

Mwalimu aliyasoma maoni kwenye benchi la korido. Halafu akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango, na kunong'ona kwamba mkobani anayo nakala ya kawaida, ya wino, tunaweza kuitumia kimyakimya na yeye hatamwambia mtu. Niliumia sana. Mtu mzima, mwalimu, anakuja kutuhonga kwa maandishi yanayosomeka. Nikampa onyo la barua.

Wiki mbili baadaye alizirudisha juzuu nne. Dada wa mapokezi akadai ni zilezile, hata doa la chai kwenye jalada la pili lipo palepale. Nilimpuuza, maana si mjumbe wa jopo. Jopo lenyewe liliridhika. "Maboresho makubwa," aliandika Profesa wa Takwimu. "Nukta sasa zinavumilika." Mkurugenzi alikiri kwamba Sura ya Tatu imepata mashiko, ila akawa na hofu kwamba Sura ya Nne imeanza kuyapoteza.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Ukurasa wa uthibitisho haukuwemo, ule ambao wajumbe huutia saini kukiri kwamba wameisoma kazi yote. Nikamwandikia aulete haraka, kwa nukta nundu kama waraka unavyotaka, na nafasi za saini tatu.

Aliuleta kesho yake. Aliuweka mezani taratibu, akauliza kama ningependa anisomee kabla sijasaini. Nikacheka kidogo. Ukurasa ule nimeusaini miaka kumi na sita, nimeuhifadhi kwa moyo.

"Ni vizuri usomewe, Bwana Msajili," akasema. "Hata mara moja tu."

"Mwalimu, unanipotezea muda, na wewe una watoto kumi na wanne wanakusubiri."

Akanitazama. "Haya," akasema.

Nikasaini. Profesa wa Takwimu akasaini. Mkurugenzi alisaini akiwa mlangoni, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Nami nikaugonga mhuri kwa nguvu zangu zote.

Kanuni zinataka mtahini wa nje. Tulimpata mwalimu mkuu mstaafu mwenye jina zuri, tukampelekea juzuu nne, pamoja na ukurasa wa uthibitisho, na barua ya mwaliko ya wino. Alipiga simu kushukuru, akasema barua amesomewa na binti yake. Hapo ndipo tulipojua kwamba haoni. Mkurugenzi alifurahi mno, akaagiza mpiga picha.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Wizara ilimtuma afisa wake, na wazazi wa wale watoto walikaa safu za nyuma, wamevaa kama watu waendao kusikiliza hukumu. Mkurugenzi alizungumzia ujumuishi kwa dakika arobaini. Mwalimu akapewa kumi, akazitumia kuzungusha kamba zake ukumbini ili kila mtu ashike theluthi. Kisha akakaribishwa mtahini wa nje, mzee mrefu, mtulivu, shati limenyooshwa sawasawa. Alisema ameisoma tasnifu mara mbili. Alisema amefundisha miaka thelathini na hakuwahi kuwaza kwamba fundo la kamba linaweza kumfikisha mtoto kwenye theluthi, na kwamba angeijua mbinu hii zamani, wapo wanafunzi wake ambao leo wasingekuwa wakiogopa hesabu. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa na maoni hayohayo.

"Kabla sijapiga kura," mzee akaendelea, "nina jambo kuhusu ukurasa wa uthibitisho. Nisomeeni ninyi wenyewe. Mmeusaini."

Akamnyooshea Mkurugenzi. Mkurugenzi akaupokea, akautazama, akampa Profesa wa Takwimu. Profesa akaugeuza juu chini, akanipa mimi. Nikasema kwamba kwa heshima ya mgeni wetu, ni vema asome yeye.

Mzee akaweka vidole. Kwanza alilalamika kwamba kuna mtu amegonga mhuri juu ya maandishi na kuyalaza. Kisha akasoma, bila haraka:

"Sisi tuliotia saini hapa chini tunakiri kwamba hatujui kusoma maandishi haya, kwamba tasnifu hii hatujaisoma, na kwamba tunamwomba Mwalimu atufundishe kila Jumamosi hadi tutakapoweza kuusoma ukurasa huu wenyewe."

Mama mmoja wa nyuma alianza kucheka. Wakafuata wengine, hata mpiga picha. Mkurugenzi akasimama, akadai saini yake imepatikana kwa hila. Afisa wa wizara akamgeukia Mwalimu.

"Nilimwomba Bwana Msajili nimsomee," Mwalimu akasema. "Alikataa. Nikamwomba tena."

Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona tangu nikiwa mtoto.

Afisa wa wizara, kijana mkavu wa maneno, aliuliza swali moja tu: iwapo saini ya mtu ambaye hakusoma ni batili, je, kurugenzi iko tayari kuzipitia saini zake zote za miaka ya nyuma? Profesa wa Takwimu, ambaye hesabu huzipiga haraka, akamnong'oneza Mkurugenzi idadi. Mkurugenzi akakaa. Akatangaza kwamba saini ni halali, tena halali kabisa, na kwamba ukurasa ule ulikuwa sera ya kurugenzi tangu mwanzo. Mzee akapiga kura ya ndiyo. Kwa kuwa ndiye pekee aliyesoma, kura ikatosha. Mwalimu alipata shahada yake, darasa halikufungwa, na wazazi walimbeba juujuu hadi getini, viatu vya raba vikining'inia.

Naomba umma usisikilize uvumi kwamba tumeadhibiwa. Tuko kwenye mafunzo kazini. Kila Jumamosi sisi watatu tunaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mimi nimefika herufi ya kumi na moja, na naona fahari ambayo siwezi kuieleza ofisini. Mkurugenzi yuko nyuma kidogo. Juzi, katika jaribio la kwanza, Mwalimu alimkamata amenyoosha mkono hadi kwenye karatasi yangu, akipapasa majibu. Darasa lile lina kanuni yake: anayenakili hurudi na mzazi.

Tulidhani atasamehewa kwa umri. Hakusamehewa. Jumamosi hii alikuja na mama yake, bibi wa miaka themanini na tatu, kofia ya sufu na miwani minene. Mwalimu akampa kiti, akamweleza mambo yote bila kuongeza wala kupunguza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili.

"Mwanangu, kwani hujui kusoma?"

"Najifunza, mama."

"Na hizo karatasi za chuo, miaka yote hii, ulikuwa unatia saini nini?"

Mwalimu akamshukuru bibi kwa kuja, akasema kipindi kinaendelea, na sote tukarudisha vidole kwenye karatasi.